TAARIFA KWA WANACHAMA WA TAWI: Chemchemi yetu imegeuka kijani, na sisi ndio tunaoilisha



Mkutano wetu wa Jumamosi ulifanyika kando ya chemchemi badala ya ofisini. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu ya msiba wa kitongoji cha juu na siku ya soko. Tuliahidi kuwatumia hotuba ya Kamati kama ilivyosomwa, nayo ni hii hapa. Ni ndefu, lakini tunaomba isomwe yote kabla ya mtu kujibu. Mwenye mzazi asiyepokea ujumbe wa simu, tafadhali amsomee.

*HOTUBA YA KAMATI YA UTENDAJI YA TAWI*

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, vijana, ndugu zetu wote, habari za asubuhi.

Tumezoea kukutana chini ya mti pale ofisini. Leo tumewaleta hapa ili kila mmoja aone kwa macho yake, asije akasema amesimuliwa. Angalieni pale maji yanapotokea kwenye jiwe. Nyuzi za kijani zimejaa kama nywele, mawe yana ute, na pale chini maji yaliposimama kuna povu na harufu. Mwezi uliopita mama mmoja aliteleza na ndoo akateguka mkono. Chujio la bomba la kijiji linaziba, linasafishwa, linaziba tena.

Sisi tuliokulia hapa tunaikumbuka chemchemi hii ilivyokuwa. Ulikuwa unaona changarawe chini kabisa. Tulikuwa tukipindua mawe kutafuta kaa wadogo. Watoto wetu leo ukiwaambia habari ya kaa hao wanacheka, wanadhani ni hadithi.

Kwa hiyo tuseme wazi leo: nini kimetokea, nani amesababisha, na tawi letu litafanya nini.

*1. Maneno yanayozunguka kijijini*

Tumesikia maneno ya aina tatu. Tuyajibu kwanza, kwa heshima.

La kwanza, kwamba barafu ya mlima inaisha, ndiyo maana maji yameharibika. Ni kweli barafu ya Kilimanjaro imepungua sana katika miaka 100 iliyopita. Lakini watafiti waliochunguza maji ya chemchemi za mlima huu wameona kwamba sehemu kubwa ni mvua inayonyesha kwenye msitu, inazama ardhini, kisha inatokea huku chini. Mchango wa barafu ni mdogo. Na hata barafu ingeisha yote kesho, jambo hilo lisingeyafanya maji kuwa ya kijani. Msitu ukikatwa hapo tuogope, kwa sababu msitu ndio unaotunza mvua yetu.

La pili, kwamba kuna mtu ametia kitu majini. Wapo hata waliotajwa majina vilabuni wakati wa mbege. Ndugu zetu, tunaomba jambo hilo likome. Hakuna aliyetia kitu usiku. Tumetia wote, mchana kweupe, kwa miaka mingi.

La tatu, kwamba mafundi wa maji waliharibu walipojenga banio na kuweka bomba. Banio linaweza kuwa na kasoro zake, na tutaiomba RUWASA ije ilikague. Lakini nyuzi za kijani haziletwi na saruji.

*2. Chemchemi imeshiba kupita kiasi*

Mwani ule mnaouona ni mmea. Kama mmea wowote, unahitaji jua, maji na chakula. Jua lilikuwepo tangu enzi za Wamangi, na maji yalikuwepo. Kilichoongezeka ni chakula.

Chakula hicho ni vitu viwili: nitrojeni na fosforasi. Ndivyo hivyo hivyo mnavyonunua kwenye mfuko wa mbolea. Vimo pia kwenye samadi, kwenye mkojo wa ng'ombe, kwenye choo, na fosforasi imo katika baadhi ya sabuni za unga. Shambani ni baraka. Vikifika majini, vinalisha mwani.

Vinafikaje? Hapa kuna tofauti inayofaa kujulikana. Fosforasi hushikamana na udongo, kwa hiyo husafiri na matope: mvua ikibomoa kingo na kuteremsha udongo mwekundu, imo humo. Nitrojeni ikishageuka kuwa naitreti haishiki udongo. Inayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, inazama na mvua, inapita kwenye nyufa za miamba hii ya volkano tunayoishi juu yake, na inatokea mahali maji yanapotokea. Haina rangi wala harufu.

Chemchemi ni kama mdomo wa kibuyu. Kinachomiminwa ndani ya kibuyu ndicho kitakachotoka mdomoni, hata kama aliyemimina yuko nyuma ya nyumba na hakuonekana. Kibuyu chetu ni kitongoji chote cha juu, pamoja na vihamba vyote mnavyoviona kule.

Mwani ukishakuwa mwingi unafunika mawe waliyojificha wadudu na kaa. Ukifa unaoza, na kuoza kunakula hewa ya oksijeni iliyomo majini. Viumbe wadogo wanakosa pumzi. Ndiyo maana kaa wetu hawapo.

*3. Na afya ya watu je?*

Akina mama walituuliza swali hili kabla ya mengine yote, na wana haki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Sababu kubwa ni watoto wachanga, hasa wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima au chemchemi. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto inashindwa kubeba oksijeni vizuri na ngozi yake inaweza kugeuka rangi ya bluu. Madaktari waliligundua jambo hili Marekani, katika jimbo la Iowa, mwaka 1945. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu hana hofu hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui. *Kuchemsha maji hakuondoi naitreti.* Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki ileile, kwa hiyo inakolea zaidi. Lakini msije mkaacha kuchemsha! Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na choo kinachovujisha naitreti kinaweza kuvujisha na vijidudu pia. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu. Kwa ajili ya naitreti, dawa ni kuizuia isifike majini.

Tumeiandikia Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi, kuomba maji haya yapimwe maabara. Majibu yakija tutayaweka hapa kama yalivyo, mazuri au mabaya.

Lakini tuwaonye mapema juu ya jambo moja. Inawezekana kabisa majibu yakasema maji yamefaulu kipimo cha kunywa, na bado chemchemi ikawa inaumwa. Mwani unashiba kwa kidogo sana. Kule Florida, Marekani, ambako kuna mamia ya chemchemi, serikali ya jimbo imeweka kikomo cha kulinda chemchemi kuwa miligramu 0.35 za nitrojeni ya naitreti kwa lita. Kikomo cha maji ya kunywa, ukikipima kwa namna hiyohiyo, ni kama miligramu 11. Maana yake ni kwamba chemchemi inaanza kuharibika kwa kiasi kilicho chini mara 30 kuliko kile kinachomtisha daktari. Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya maabara akasema "maji ni salama, nendeni nyumbani", mwulizeni: salama kwa nani?

*4. Milango minne inayopitisha chakula hicho*

Wiki mbili zilizopita Kamati ilitembea kutoka hapa hadi juu kwenye mfongo mkuu. Tuliona milango minne.

*Mlango wa kwanza ni zizi.* Wachaga tumefuga ng'ombe ndani kwa vizazi vingi kwa sababu vihamba ni vidogo. Samadi ndiyo iliyoshibisha migomba na kahawa yetu, na hakuna anayeidharau. Tatizo ni mkojo na mvua. Mazizi mengi hayana sakafu. Lundo la samadi liko wazi, mvua inalipiga, na maji meusi yanateremka kwenye mfereji. Ile ni mbolea yako, mwenye ng'ombe, inaondoka bure. Zizi lenye sakafu ngumu yenye mteremko, shimo la kukusanyia mkojo lililosakafiwa, na lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba au bati kuukuu, linabakiza mbolea kwako na linabakiza maji safi kwetu sote.

Wenye mitambo ya biogesi nao wasikilize. Gesi inatoka, lakini nitrojeni haitoki nayo. Inabaki yote kwenye tope linalomwagika upande wa pili. Tope lile ni mbolea nzuri sana. Likipelekwa kwenye migomba ni mali, na likiachwa litiririke kwenye korongo tumefanya kazi bure.

*Mlango wa pili ni choo.* Hatulisemi hili kwa kumwaibisha mtu. Kila kaya imehimizwa kuwa na choo na tumekuwa nacho. Lakini shimo refu lililochimbwa hadi likakuta unyevu ni sindano inayochoma moja kwa moja kwenye mshipa wa maji. Tunachoomba: shimo jipya lisichimbwe upande wa juu wa chemchemi karibu na jicho lake, lisiwe refu hadi kukaribia maji, na mwenye uwezo ajenge kuta. Kabla ya kuchimba, mwite afisa afya wa kata aje aone mahali. Haulipishwi kwa kuuliza.

*Mlango wa tatu ni mbolea ya dukani.* Tangu msimu wa 2022/23 kuna ruzuku ya mbolea, na wakulima wengi hapa wamejiandikisha na wamenufaika. Hatusemi mbolea isitumike. Tunasema isitupwe. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kilo hizo 23 zikifika zote majini, zinatosha kuzifikisha lita milioni 65 za maji safi kwenye kikomo kile cha Florida tulichokitaja. Mfuko mmoja tu!

Bila shaka mmea unachukua sehemu yake. Lakini ukiimwaga yote siku moja juu ya udongo, na jioni ikanyesha mvua ya masika, mmea hautapata hata nusu ya ulicholipia. Igawe mara mbili au tatu. Chimba kishimo kando ya shina, weka, fukia. Usiweke siku ambayo wingu limeshajaa. Na kama kihamba chako kinapata samadi ya kutosha, punguza ya dukani. Wakulima wa kahawa wanaweza kuwauliza wataalamu wa TaCRI pale Lyamungu juu ya kupima udongo kabla ya kununua. Hapa chemchemi na mfuko wa mkulima wanasema neno moja.

*Mlango wa nne ni sabuni na pikipiki.* Nguo zinafuliwa kwenye jicho lenyewe la chemchemi, na vijana wetu wanaosha bodaboda pale kwenye kivuko. Tumeongea nao na wako hapa. Wametuambia neno la kweli: "Mkitufukuza hapa, mtatulisha ninyi?" Hatuwafukuzi. Tumekubaliana nao sehemu nyingine huko chini, mbali na maji, ambako tutachimba shimo la kokoto na kupanda migomba na magimbi kuzunguka, ili maji machafu yanywewe na mimea kabla hayajafika mtoni. Kuhusu kufua, maji yachotwe na kufuliwa pembeni, na maji ya sabuni yamwagwe kwenye migomba.

*5. Waliotutangulia katika shida hii*

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya vijiji maskini. Sivyo.

Kule Florida kuna chemchemi iitwayo Wakulla, ni miongoni mwa chemchemi kubwa zaidi duniani. Watu walikuwa wanapanda mashua yenye sakafu ya kioo na kuangalia samaki chini kabisa. Mji wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo, ulikuwa ukinyunyizia maji taka yaliyosafishwa kwenye mashamba yaliyo nje ya mji. Walidhani nyasi zinamaliza kila kitu. Hazikumaliza. Naitreti ya Wakulla ilipanda hadi karibu miligramu 1 kwa lita, gugu la kigeni liitwalo haidrila likaonekana mwaka 1997 na kuzagaa, na maji yakapoteza uangavu wake.

Watu wa Wakulla walilalamika na watu wa mji wakabisha. Ndipo wataalamu wakatia rangi maalumu kwenye maji ya ardhini pale mashambani. Rangi ile ilitokea Wakulla, zaidi ya kilomita 15 kutoka pale. Ubishi ukaisha. Mji ukajenga upya mtambo wake wa maji taka ili uondoe nitrojeni, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 200. Naitreti ikashuka chini ya nusu ya ilivyokuwa.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, maji ya ardhini yanasafiri mbali, kwa hiyo aliye juu hawezi kusema hayamhusu. Pili, ukiziba mlango mkubwa, kiasi kinashuka kweli. Inawezekana! Tatu, baada ya mji kufanya sehemu yake, chanzo kikubwa kilichobaki ni mashimo ya choo ya majumbani, na Wakulla haijarudi kikamilifu kama ilivyokuwa. Watu wenye dola milioni 200 wameshindwa kuimaliza kazi kwa haraka. Sisi ambao hatuna hata milioni moja ya shilingi kwenye akaunti ya tawi tuna bahati moja: chemchemi yetu ni ndogo, na milango yetu tunaijua kwa majina.

*6. Jambo gumu*

Sasa tunafika kwenye neno ambalo baadhi ya wanachama walitushauri tusiliseme. Walituambia, "Msiguse habari ya mita 60. Mtapoteza kura."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinaweka mita 60 za ulinzi kwa vyanzo vya maji. Tulichukua kamba tukapima. Na tuwaambie ukweli, maana mngeusikia tu kwingine: zizi la kwanza tulilolikuta ndani ya kamba ni la mjumbe wa Kamati hii. Lundo la samadi la pili ni la mwingine wetu. Tulisimama pale tukatazamana. Tulikuwa tumeandaa hotuba ya kuwasema wananchi, ikabidi tuichane.

Kuna mama yetu mmoja, mjane, ambaye kihamba chake chote kiko ndani ya mita hizo. Alitukaribisha, akatupa maziwa, kisha akauliza, "Mkishapima mita zenu sitini, mimi nalala wapi?"

Mama, uko hapa, tunakujibu mbele ya watu wote. Tawi si mahakama. Hatuna mamlaka ya kumhamisha mtu kwenye ardhi ya mume wake na wakwe zake, na hatutaki mamlaka hayo. Suala la nyumba ni la serikali ya kijiji na ofisi ya bonde, na likifika huko tutakwenda nawe, hutakwenda peke yako. Tunachokuomba ni kuhamisha zizi lile kulipeleka upande wa juu wa nyumba, nje ya kamba, na lundo lifunikwe. Nguvu ya kazi itatoka kwetu. Mbao, bati na saruji, tutachanga. Ulisema uko tayari kama mjumbe naye atahamisha lake. Mjumbe ataanza. Asipohamisha lake, usihamishe lako, na hotuba hii muichane.

Tujue pia kwamba mita 60 hazitoshi peke yake. Zinazuia matope na uchafu wa karibu. Naitreti inatoka mbali kuliko hapo. Kwa hiyo anayekaa mita 300 juu asijione amenusurika. Kamba haikufika kwake, lakini maji yake yanafika hapa.

*7. Chemchemi haina kadi ya chama*

Kuna wajumbe waliopendekeza siku ya kazi tuvae sare na kupandisha bendera ili ionekane kazi ni yetu. Kamati imekataa. Majirani zetu wa vyama vingine wanakunywa maji haya, na mazizi yao yako juu kama ya kwetu. Tukiigeuza chemchemi kuwa ya chama, nusu ya mazizi yatabaki yanavuja ili tu sisi tuonekane tumeshindwa. Siku ya kazi kila mtu aje na jembe, bendera ibaki ofisini.

Na tuwakumbuke walio chini yetu. Maji yakitoka hapa yanakwenda tambarare ya Kahe, yanamwagilia mahindi na mpunga, kisha yanafika Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki. Tunalalamika juu ya kitongoji cha juu, na wao wanaweza kutulalamikia sisi kwa maneno yaleyale.

*8. Hatutaahidi uongo*

Chama kikikwambia kitakurudishia chemchemi safi kabla ya uchaguzi, kinakudanganya, hata kama ni chetu. Maji yanayotoka leo yaliingia ardhini zamani, mengine miaka kadhaa iliyopita, na yamebeba makosa ya miaka hiyo. Tukiziba milango yote leo, maji ya zamani bado yana safari ya kumaliza. Tunaweza kufanya kazi mwaka mzima na mwani usipungue kwa kuonekana, na hapo ndipo watu watakapotucheka. Tunawaomba msikate tamaa wakati huo. Tope na povu vitapungua mapema, kwa sababu hivyo vinatoka karibu. Naitreti itafuata polepole.

*MAAZIMIO*

Baada ya majadiliano, mkutano ulikubaliana yafuatayo:

1. Zizi la mjumbe wa Kamati linahamishwa kwanza, msaragambo wa Jumamosi ijayo, saa 1 asubuhi. La mama yetu linafuata Jumamosi ya pili.

2. Mpaka wa mita 60 utapandwa masale na miti ya asili inayopenda maji. Wazee waliokumbusha kwamba sale ni mpaka na pia ni msamaha wamesema vizuri. Mikaratusi haitapandwa, na iliyopo tutaiomba serikali ya kijiji itoe uamuzi.

3. Hakuna kufua wala kuosha chombo kwenye jicho la chemchemi kuanzia sasa. Vijana wa bodaboda watasimamia sehemu yao mpya wenyewe.

4. Hakuna choo kipya wala zizi jipya ndani ya kamba, awe mwanachama au asiwe. Pendekezo hili litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji liwe sheria ndogo.

5. Akina mama wanne na vijana wawili waliochaguliwa watapiga picha ya jiwe lilelile, mahali palepale, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kuiweka hapa. Picha mbaya zitawekwa pia.

6. Mchango wa saruji na bati unapokelewa na mweka hazina kwa stakabadhi. Asiye na fedha alete mikono, majani ya kufunikia au chakula cha wafanyakazi.

*MASWALI MAWILI YALIYOULIZWA*

_Je, tukitia dawa ya kuua mwani?_ Hapana. Dawa inaua mwani, chakula kinabaki, mwani unaota tena. Na hayo ndiyo maji tunayokunywa.

_Je, tukikwangua mawe?_ Mnaweza kukwangua kwa brashi ili watu wasiteleze, na mwani ule mkautupe kwenye migomba mbali na maji, msiurudishe kwenye mkondo. Lakini kukwangua bila kuziba milango ni kufagia huku mtoto anamwaga.

Ndugu wanachama, baba zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kuchunga jicho la maji. Hawakuliacha lichezewe. Sisi tumepata shule, mifuko ya mbolea na simu za kutumiana ujumbe huu, na maji yamegeuka kijani mikononi mwetu. Tukutane Jumamosi saa 1 asubuhi pale kwenye zizi la mjumbe. Mwenye chepeo aje nalo, na mwenye toroli atujulishe mapema.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati ya Utendaji.*
_Tafadhali sambaza kwa vitongoji vyote, pamoja na majirani wasio wanachama._